Mstari wa Paa, Mstari wa Maji

Mwaka ule nilikuwa nafundisha uraia katika shule moja ya sekondari ya Murara, mjini Goma. Kila Septemba nilichora ubaoni safari ya bajeti: serikali inaandika, komisio ya fedha, kamati ya bunge, inachambua, wabunge wanapiga kura, Senati nayo inapiga, rais anatia sahihi. Kwangu lilikuwa somo kama masomo mengine.

Asubuhi moja ya Novemba, wakati wa mapumziko, mbunge mmoja wa mji wetu alinipigia simu kutoka Kinshasa. Tulisoma pamoja zamani. Nilikuwa nimemwandikia kwa niaba ya watu wa mtaa wa Ndosho, anakoishi dada yangu, kuomba mabomba ya maji ya umma. Kipindupindu kilikuwa kimerudi huko, na binti wa dada yangu alikuwa amelazwa, ametundikiwa chupa ya serumu mkononi.

"Barua yako niko nayo," alisema. "Lakini sheria hainiruhusu kuongeza matumizi hivi hivi. Nikiongeza hapa, lazima nionyeshe nakata wapi. Na komisio inafunga kupokea marekebisho leo saa saba. Kwenu itakuwa saa nane."

"Basi kata."

"Nimetafuta. Katika mistari ya bajeti ya Goma, wenye pesa za kutosha umebaki mumoja tu." Nikamsikia anafunua karatasi. "Ni ule wa paa la shule yenu. Unipigie kabla ya saa nane uniambie: nikate ao niache?"

Darasa la nne na la tano yalikuwa hayana bati tangu upepo uyaezue. Mama prefe, mkuu wetu wa shule, alikuwa ameandika barua kwa miaka mitatu mpaka mstari ule ukaingia katika bajeti.

Nilimfuata ofisini. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Mwalimu, weye ulichaguliwa na nani?"

"Hakuna mutu, mama."

"Sasa mbona ni weye unaamua?"

"Ameniuliza, mama. Nikinyamaza, mistari inabaki vile iko. Hiyo nayo ni kuamua."

Alifunga daftari alilokuwa anaandika. "Siwezi kukuambia kata, watoto wangu wananyeshewa. Na siwezi kukuambia usikate, maana najua ni nani uko naye hospitali." Akafungua daftari lake. "Nenda."

Nikafundisha vipindi vilivyobaki bila kujua nasema nini. Saa nane kasorobo nilipiga, simu haikushika mtandao. Nikapiga tena, ikakatika kabla hajapokea. Nilitoka mbio hadi barabarani, jasho likinitiririka mgongoni, nikapiga nikiwa nimesimama katikati ya pikipiki zinazopita. Mara ya nne akaitika.

"Kata," nikasema. Hata sikumsalimu.

Kesho yake niliwaambia walimu wenzangu mwenyewe, kabla hawajasikia kwa wengine. Mwalimu wa darasa la nne aliinuka akatoka. Kwa wiki kadhaa alipita pembeni yangu kama anapita nguzo.

Desemba nilisikia redioni kwamba wabunge wameipitisha bajeti pamoja na marekebisho ya komisio. Senati nayo ikaipitisha, na rais akatia sahihi kabla mwaka haujaisha. Dada yangu alinipigia akicheka. Binti yake alikuwa nyumbani tayari, anakula vizuri. Sikumwambia pesa za maji yake zimetolewa wapi.

Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba kura ya bunge ni ruhusa ya kutumia, siyo matumizi yenyewe. Sasa nikaanza kuliishi somo hilo. Kila Jumamosi nilikwenda Ndosho kutazama kama kuna aliyeanza kupasua lile jiwe jeusi la volkano ili mabomba yapite. Miezi ilipita. Walipoanza, kazi ilienda polepole, na katika mabomba tuliyoomba, moja tu ndilo lililotoa maji mwaka ule. Dada yangu anachota hapo.

Shuleni, wazazi walichanga bati za darasa la nne. Za darasa la tano hazikupatikana. Ratiba mpya ilipobandikwa, nilikuta vipindi vyangu vyote vimewekwa kwenye darasa la tano. Sikwenda kwa mama prefe kuuliza. Nilinunua turubai, nikalifunga mwenyewe upande unaopigwa na mvua zaidi.