Mbolea Iliyopoza Soda za Posa

Kemia ilinipanda kichwani kama pombe, na sioni aibu kusema. Nilikuwa kidato cha nne Homa Bay, miaka ile Uhuru ungali mpya, siku mwalimu wetu alipomimina mbolea nyeupe ya chumvichumvi kwenye kopo la maji, akakoroga, akatupitishia tushike. Baridi! Na barafu hapakuwa na hata punje. Tukabisha sana. Moto ukishawaka huendelea wenyewe kwa sababu unatoa joto. Sasa hiki kinakula joto na bado kinaendelea, nani anakisukuma? Akasema hakisukumwi na mtu. Ndani ya punje chembe zimejipanga kwa safu, zikipata maji zinatawanyika, na huko kutawanyika kunatosha kuuendesha mmenyuko, hata maji yakipoteza joto lake. Jina lake entropia. Wiki nzima nilikuwa nafua huku naliimba hilo neno.

Likizo nikarudi nyumbani Suna, nikaambiwa wageni wa posa wanakuja Jumamosi. Anayeposwa ni mimi. Jamani, nilitaka kidato cha tano kuliko kitu chochote, lakini kwetu binti hasemi mbele ya wakwe mpaka aulizwe, na nani angeniuliza?

Jumamosi jua likawa kali, soda za wageni zikapata moto kwenye kreti. Mama akawa analalamika kwamba tutaaibika. Mimi huyo, chini ya kitanda cha baba, kwenye gunia la mbolea aliyoiweka akiba kwa mahindi yake. Nikamwaga nusu debe kwenye karai la maji, nikakoroga, nikazamisha chupa. Zilipopoa nikazisuuza, nikazipangusa, nikazipeleka nikijiuma midomo nisicheke.

Shangazi wa kijana aliyekuja kuposa alishika chupa, akaiachia, akaishika tena. Akauliza barafu tumeitoa wapi, au tumesimamisha lori la samaki tukaichota humo. Baba akaniita nieleze. Aki nilifunguka! Nikaeleza punje, safu, kutawanyika, mikono inapepea huku na huku, mama mlangoni amejishika kichwa.

Baba alikuwa amekwama kwenye neno moja, mbolea.

“Irudishe guniani,” akasema.

“Hairudi yenyewe, baba. Kwenda inaenda bila kazi. Kurudi mpaka nichemshe yale maji yote yakauke, kuni za wiki nzima.”

Nilijua nimeharibu. Baba akaweka chupa yake chini polepole, akawageukia wageni.

“Mmesikia wenyewe. Huyu akishachanganyika huko kwenu, kumtoa tena arudi shule sitaweza. Wacha kwanza amalize masomo.”

Shangazi akauliza nitamaliza lini. Baba akasema hajui, wamuulize mwenyewe. Nikasema kidato cha sita. Halafu, nilipoona bado wananisikiliza, nikaongeza chuo kikuu.