Robo ya Punje

Kazi yangu hapa stesheni ya Korogwe ni taa. Nazifuta masizi, nakata tambi, najaza mafuta, nazitundika jua likianza kushuka. Treni ni chache, na mchana kati ya treni moja na nyingine ni mrefu na wenye joto. Ndani ya banda la taa kuna meza, kuna wembe wangu, na kuna madebe matupu ambayo hakuna anayeyaulizia. Humo ndimo nimekuwa nikitengeneza reli yangu ndogo, ndogo kiasi kwamba kichwa cha treni kinalala chote juu ya kidole changu cha kati.

Wanaochungulia bandani husema ninacheza. Laiti ingekuwa hivyo, nisingechoka namna hii.

Baba yangu yuko Handeni, kwetu Uziguani, kitandani. Wadachi walipoisogeza reli kutoka hapa kwenda juu, yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba udongo wa tuta pale Makuyuni. Walibeba kwa vikapu, wakamwaga, wakaushindilia. Siku moja jiwe lilibiringika na kumvunja nyonga. Wenzake wakamrudisha nyumbani kwa machela kabla chuma hakijalifikia tuta lake. Tangu hapo safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi mlangoni, na treni hajaiona kwa macho yake.

Mwaka nilipopata kazi ya taa nilikwenda kumwamkia na kumpa habari. Baada ya marahaba, hakuniuliza kuhusu kazi.

"Hivi hilo gari ni zito?"

"Zito sana, baba. Likipita, vikombe vinalia mezani."

"Na linapita juu ya udongo wetu?"

"Linapita."

"Halizami?"

"Halizami."

Akaugeukia ukuta. "Wewe unasema tu. Kila mtu anasema tu."

Nikasema kwamba kama yeye hawezi kuja kuliona, basi nitamletea. Mama akacheka, akidhani ni maneno ya kumfariji mgonjwa. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo, kila niliposikia kuna watu wametoka Handeni, nilirudi bandani nikashika wembe.

Nitasema ukweli kuhusu nafsi yangu: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikitundika taa natazama kama imekaa wima, naondoka, narudi kutazama tena. Hakuna aliyenifundisha kutengeneza vitu. Nilijifunza kwa kuharibu, kama nilivyojifunza kusoma kwa kukodolea macho maandishi ya makasha ya mizigo hadi herufi zikaniingia. Mtu aliyefundishwa na fundi humsikia fundi akisema basi, inatosha. Mimi sina wa kuniambia inatosha.

Niliamua kwamba kila mkono mmoja wa kitu chenyewe, yaani kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, katika kazi yangu uwe punje moja ya mtama. Nilichagua punje zinazolingana, nikazibandika kwa ulimbo juu ya ufito, na huo ukawa ndio kipimo changu. Mataruma, yale yanayolaliwa na reli, niliyachonga kwa moyo wa mlingoti wa mkonge, ambao ni mwepesi na haupasuki. Reli nilizikata kwenye bati la debe, nyembamba mpaka zikawa zinajipinda kwa pumzi. Magurudumu yalikuwa bati, na ekseli zake miba ya mgunga. Tumbo la kichwa cha treni lilikuwa kipande cha tete. Taruma likizidi unene wa uzi mmoja, nililitupa. Siku nyingine nilimaliza mchana mzima nikiwa na mataruma machache kuliko niliyoanza nayo.

Upana wa reli niliupima mwenyewe, kwa kupiga magoti njiani siku ambayo treni haiji. Mikono miwili na robo. Lakini kupenya chini ya kichwa cha treni na mabehewa hakuruhusiwi kwa mtu wa taa. Kwa hiyo nilimwomba mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Manundu. Yeye ni Mshambaa, kazi yake ni kuchochea moto kwenye treni. Alinipimia kila kitu kwa subira: urefu, kimo, nafasi kati ya magurudumu.

"Gurudumu hadi gurudumu, mikono miwili kamili," aliniambia. "Haizidi, haipungui. Andika, fundi."

Nikaona inaingia akilini. Gurudumu lina ukingo unaoingia upande wa ndani wa reli, lazima liwe ndani kidogo. Nikashukuru, nikatengeneza.

Masika yalipokaribia, wachukuzi wa tumbaku kutoka Handeni waliniletea maneno ya mama: baba hali chakula vizuri, mguu umevimba, na kila jioni anauliza kama gari limefika. "Mama yako anasema uje hivyo hivyo," akasema mmoja wao. "Sijui hivyo hivyo ni vipi, lakini ndivyo alivyosema."

Nikajibu kwamba nimebakiza kidogo. Nilikuwa nimewajibu hivyo hivyo wachukuzi waliotangulia. Kwa kweli treni ilikuwa imekwisha, na reli zimekwisha, kila kimoja juu ya ubao wake. Nilikuwa naogopa kuziunganisha. Niliogopa baba atatazama na kusema, hii tu? Niliogopa zaidi kwamba atakuwa na haki.

Alasiri hiyo nilijikaza. Nikakishika kichwa cha treni kwa ncha za vidole, nikakiweka juu ya reli.

Kikadumbukia katikati.

Nikakiinua, nikakiweka tena. Nikajaribu behewa la kwanza, la pili, la mwisho. Yote yalidumbukia, kwa kiasi kile kile, kama yaliyokubaliana. Kisha mwenzangu akaingia kuomba kiberiti, na nilipomwona ameinama ili asigonge boriti ya mlango, nikaelewa.

"Njoo hapa. Weka mkono wako mezani."

Akauweka. Nikauweka wangu kando yake, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyake viliupita wangu karibu upana wa vidole vyangu vinne.

Akatazama mikono, akatazama treni ndani ya reli, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo reli ni ya Mzigua na gari ni la Mshambaa!"

"Usicheke."

"Nisicheke vipi? Ninyi mmezaliwa na mikono mifupi, kosa langu ni nini?"

"Kosa lako ni urefu."

"Ungeniambia mapema ningeukata, bwana mdogo."

Kilichoniuma ni kwamba jambo lenyewe analijua kila mtu. Wanawake wetu wakienda kununua kaniki humchukua ndugu mwenye mikono mirefu akawapimie, na mwenye duka humwita nduguye mfupi, na mabishano huanzia hapo. Nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nami nilikuwa nimelinganisha punje na kupima unene wa uzi, kisha nikachanganya viwiko vya watu wawili.

Robo ya punje. Kuirekebisha kulitaka ning'oe reli zote au nivunje treni yote, na kwa mwendo wangu ningemaliza mvua zikiwa zimeshakuja na kuondoka. Nilikwisha kushika wembe. Mwenzangu, ambaye sasa hakuwa anacheka, akanishika kifundo cha mkono.

"Baba yako anakusubiri wewe au anazisubiri reli?"

Nikauweka wembe chini. Nikaomba ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa. Nikatandika sufi ndani ya debe, nikaweka treni na reli, nikavuka mto Pangani na kushika njia ya Handeni. Njia nzima nilikuwa nikitunga maelezo ya kumpa baba.

Nilimkuta amekonda usoni. Baada ya shikamoo sikupumzika, nilifungua debe na kuanza kueleza kuhusu mikono, punje na robo, hadi mama akasema, "Mwache kwanza aone."

Baba alishika kichwa cha treni, akakigeuza, akayazungusha magurudumu kwa ukucha. Kisha akaziona reli. Akazitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama watoto wa mgeni, akazisogeza pembeni.

"Hizi sizijui. Sisi tuliondoka hazijaja. Mama watoto, nipe udongo wa pale nje. Na maji kidogo."

Mama akaleta kwenye ungo. Baba akainuka kwa kiwiko, uso umekunjamana kwa maumivu, na kwa mkono mmoja akaanza kujenga sakafuni, kando ya kitanda. Alimwaga, akanyunyiza, akashindilia kwa ngumi, akasawazisha ubavu kwa upande wa kiganja. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nisiguse. Tuta lilipofika urefu wa shibiri moja aliweka kichwa cha treni juu yake, akakikandamiza kwa dole gumba kwa uzito wote aliokuwa nao, akakisukuma mbele polepole.

Magurudumu yaliacha mistari miwili hafifu. Tuta halikumeguka.

"Kweli," akasema. Akakirudisha nyuma, akakisukuma tena. "Halizami."

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Jicho langu lilikuwa kwenye ile mistari miwili, nikiona jinsi ilivyokaribiana kuliko inavyotakiwa.

"Nitarudia magurudumu, baba. Nipe mwezi mmoja."

"Kaa chini, umechoka," akasema bila kuniangalia, maana alikuwa anafunga behewa la kwanza nyuma ya kichwa cha treni. Nikakaa, nikaegemea ukuta, na usingizi ukanichukua nikiwa bado na viatu. Kitu cha mwisho nilichosikia ni baba akimwambia mama, "We mama watoto, toa mguu hapo, gari linapita."