Reli Zinazochungulia Kwenye Lami

Jumamosi tulikuwa tunatoka Euless, hapa Marekani, kwenda kitchen party huko Dallas, shangazi kwenye usukani, mimi pembeni nimepakata sufuria ya pilau. Shangazi alikulia nyumba za reli, Tabora. Kwenye mtaa mmoja wa zamani lami imebanduka, na reli mbili zinachungulia. Shangazi akakanyaga breki, akazima redio, akashusha kioo, akatega sikio kama kuna treni. Nyuma yetu honi zikaanza.

“Shangazi, hizo reli ni za tramu, vile vitreni vya mjini vya zamani!”

“Reli ni reli, mwanangu.”

Mzee wa Kimarekani aliyekuwa anamwagilia maua akasogea dirishani. “Mama, tramu ya mwisho ilipita hapa kabla sijazaliwa.”

Shangazi akazikagua mvi za yule mzee. “Basi imechelewa sana hiyo. Itakuwa imekaribia kabisa.”

Mzee alicheka mpaka mpira wa maji ukamlowesha viatu. Kisha akaingia barabarani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavua kofia yake ya kijani na kutupungia tupite, kama bendera ya stesheni.

Wenyeji wanasema tramu ilishakufa. Sisi tuliolelewa na treni za kwetu tunajua kuchelewa si kutokuja. Jioni niliendesha mimi, na tulipofika kwenye zile reli, mkono wangu wenyewe ukaenda kuzima redio.