Namba Zilizobaki Palepale

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu, katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ilikuwa kuwapa watu namba. Ofisi ilikuwa Kitale, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na mradi ulikuwa wa kuwagawia wakulima wa upande wa Bungoma mitamba wa gredi, yaani ng'ombe wachanga wa maziwa wasiozaa bado, kila mtu kwa zamu yake. Majina hayakutosha kuwatofautisha. Huko mtoto huitwa kwa msimu aliozaliwa, na watu wengi mno walikuwa wamezaliwa wakati wa mvua. Katika kikundi kimoja cha karibu na Kimilili nilikuwa na wanawake sita wenye jina moja, wawili kati yao wakipakana mashamba.

Kwa hiyo namba ndiyo ingekuwa zamu. Badala ya kuziandika moja moja, niliiwekea safu ya kwanza ya jedwali fomula iliyotazama mstari uko wapi na kuupa namba ya mahali hapo. Nilijivunia fomula hiyo kuliko ilivyostahili. Nikachapisha orodha, nikanakili namba kwenye kadi, kadi zikagawiwa. Namba moja alikuwa mjane wa Kimilili aliyefika siku ya kuandikishwa kabla hatujapanga meza.

Kisha meneja akataka majina yafuate alfabeti, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Nilibofya mara mbili. Majina yalihama, namba zikabaki palepale, moja hadi mwisho, bila pengo. Wageni waliisifu orodha.

Lori la kwanza lilifika Bungoma, kwenye uwanja wa kanisa, likiwa na mtamba mmoja. Mitamba wengine hawakuwa wamemaliza chanjo. Meneja alisoma namba moja na jina lililoandikwa mbele yake. Walisimama watu wawili: mwalimu mstaafu, aliyesikia jina lake, na mjane, aliyesikia namba yake. Mjane alikuwa ameng'oa nusu ya mahindi yake ili apande nyasi za nepia, maana mradi haukumpa mtamba mtu asiye na majani ya kumlisha.

"Kadi si hii?" aliniuliza. "Si ni wewe uliandika?"

"Mama, kwa kompyuta wewe uko tisini na nne," meneja alijibu.

"Ati tisini na nne? Mimi sijahama, bana. Ni namba imehama."

Watu walicheka. Mwalimu mstaafu alisema hakujipangia mwenyewe, akashika kamba. Kadi yake, yenye namba sitini, aliiacha mfukoni. Nami nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, nikijua hasa kilichotokea. Nikasema tutafuatilia. Nilikuwa nimesoma miaka minne ili niweze kusema hivyo.

Nilimweleza meneja kosa langu wiki iliyofuata, faraghani. Mtamba hakurudishwa; meneja alisema ng'ombe akishalala kwa mtu ni wake. Nilichoruhusiwa ni kwenda boma hadi boma nikinakili namba kutoka kwenye kadi, ili niziingize kama tarakimu za kawaida, bila fomula, kila moja ikiwa imefungwa kwa mwenyewe.

Kwa mjane nilikuta nepia imeupita ua kwa urefu, na zizi jipya, tupu. Kwenye mlango wake alikuwa ameandika 1 kwa chokaa.

"Sasa hii itakaa?"

"Itakaa, mama. Hata tukipanga majina vipi, itakufuata."

"Na nikifa?"

"Namba hiyo hatapewa mtu mwingine."

"Mimi nataka ng'ombe," alisema.

Lori la pili lilipokuja, niliomba nisome orodha mwenyewe. Niliita namba moja, kisha jina lake. Hakusimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na alipoona hakuna mwingine aliyeinuka, ndipo akaja, kadi ikiwa mbele yake. Nilimwambia kwamba sihitaji kadi, namjua.

"Soma," alisema.

Nikaisoma kwa sauti, ndipo akapokea kamba.