Nimeua taa yangu ya OLED ukweni Kerenge, nikaisingizia betri ya mzee

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenikuta wiki hii na sitatia chumvi, aibu yenyewe inanitosha.

Mimi ni mtu wa Sindeni, Handeni, nasoma chuo Dar. Utafiti wangu ni wa taa nyeupe za OLED, zile nyembamba kama kadi.

Shida yake, mwanga mwingi unanasa ndani ya kioo, hautoki, umeme unaliwa bure. Mimi nimebandika juu yake utando wenye vinundu vidogo vidogo, mwanga upate pa kutokea. Inawaka vilevile kwa umeme mdogo zaidi.

Basi nikaibeba hadi Kerenge, Korogwe, kwa wazazi wa mchumba wangu. Jioni kulikuwa na dua. Mzee akaniazima betri yake ya sola, akaunga waya mwenyewe. Nikatundika taa ukutani, nikawaeleza wageni kwa mbwembwe jinsi isivyokula umeme.

Mama mkwe akaja na kitambaa cha kufuma, kama kile kilichofunika redio yao, akaifunika taa ipendeze.

Mwanga ukafifia.

Sasa wewe mkwe mtarajiwa, utamwambia mama atoe kitambaa chake mbele za watu? Nilishindwa. Nikazungusha kitufe cha taa kimyakimya, nikaongeza umeme kidogo, halafu tena kidogo. Mimi, mtu wa kupunguza umeme!

Taa ikapata moto. Mwanga ukawa wa njano, maana kati ya rangi zinazochanganyika kuwa nyeupe, bluu ndiyo hufa kwanza, kisha ikazima kabisa katikati ya dua.

Watu wakanigeukia. Nikasema, "Betri hii imechoka."

Mzee aliinamisha kichwa tu.

Asubuhi mchumba akaniambia baba yake ameshapanda bodaboda na betri, anaipeleka kwa fundi Korogwe mjini. Nilitamani ardhi inimeze. Badala ya kumsubiri, nikaaga, nikapanda basi.

Jana mzee akanipigia.

"Mwanangu, fundi anasema betri ni nzima. Basi ni mimi nilifunga waya vibaya, nikakuharibia kazi. Unisamehe."

Wakuu, nikamwambia nimemsamehe.

Nilichojifunza ni kwamba kumwomba mama atoe kitambaa kungekuwa aibu ya dakika moja. Hii ninalala nayo.

Wenye wakwe, nishaurini. Nimpigie, au nirudi Kerenge nikamwambie ana kwa ana? Matusi pia nayapokea, nimeyastahili.