Bwana Yangu na Mukaba wa Plomb

Sisi batu ya Butembo, mayi tunaijua mu bidon. Tunaijua mu sufuria, tunaijua mu mvua ile inalalisha kamyo mu matope mpaka viazi inaota ndani ya mifuko. Mayi ya kuingia wewe mwenyewe, kichwa na miguu, hapana, hiyo haiko kazi yetu. Njo maana siku bwana yangu Kasika aliweka kijiko chini na kusema, "Mama Benita, niko nataka kujifunza kupiga mbizi," nilicheka mpaka nikakohoa. Muzee wa miaka makumi tano na sita, tumbo mbele, na magoti yenye kulia kila akishuka mu kamyo!

"Utapiga mbizi wapi, mu beseni ya nguo?" nikamuuliza.

Hakucheka. Pale njo woga ilianza kuniingia, na mpaka leo haijatoka.

Hapa Karuba, kwenye tulihamia, kila mutu anamujua Kasika. Miye niko mu duka, yee iko mu barabara, anapakiza maharagi na viazi ya bakulima na kupeleka Goma. Ile wiki alikuwa ametoka kupakiza kando ya ziwa, kule Mokoto. Pirogi, ule mutumbwi ya bavuvi, ilikuwa imepinduka, mwanaume moja akabaki mu mayi, na jamaa yake bakaketi kandokando, banangoja ziwa imurudishe. Mu ile kijiji, kama maiti haijazikwa, kilio haifungwe. Bibi wa marehemu hawezi kulima, hawezi kuwasha moto mu jiko yake. Anakula kwa majirani sawa mugeni. Bavuvi banajua kuogelea juu, lakini kule chini, mu mizizi na mu matope, hakuna mwenye anafika. Na ziwa haikumurudisha. Kasika alimuona ile bibi anapita na sahani yake mukononi, nyumba kwa nyumba, na ile kitu ikamukaa mu roho.

"Umupelekee mufuko ya unga," nikamwambia. "Si lazima wewe pia ukafe."

"Unga hatukosi," akajibu. "Batu bamekwisha kumupa unga, ni maiti ya kuzika njo anakosa."

Basi akajitafutia mwalimu. Straton, muzee mwenzake wa Sake, mwenye alianza kuzama kijana mu mito ya Walikale, huko kwa Itebero, akitafuta zahabu na tiyo, ule mupira ya kupitisha hewa, mu kinywa. Kisha akafanya kazi miaka mingi mu ziwa Kivu, kutengeneza mashua kwa upande wa chini. Sikio moja ilikuwa imekufa. Kidole moja ilikuwa imebaki mutoni. Nilimuangalia vizuri nikasema mu roho: kama mwalimu amerudi vipande-vipande, mwanafunzi atarudi namna gani?

Halafu ikaja shida ya bintu ya kuvaa. Mu Goma kulikuwa mugeni moja alikuwa anarudi kwao, anauzisha mufuko muzima ya bintu ya kuzamia. Kasika alichagua sawa vile anachaguaka pyesi, vile vyuma ya kutengeneza kamyo: alikuwa anapima kwa mukono. Kizito ni ya kweli, kyepesi ni ya uongo. Straton alikuwa pembeni, anatosha kimoja-kimoja mu mufuko na kukirudisha chini.

"Hii gile, hii koti ya kujaza hewa, panya imetoboa. Acha."

"Tutatia kirako."

"Papa Kasika, haiko pine hii. Acha, nasema."

Kombinezo, ile nguo ya mupira, Kasika alitaka ile kubwa kabisa, juu bei ni moja na kitambaa ni mingi. Straton akamuambia nguo ikiwa pana mayi ya baridi itaingia na kutembea ndani, utatetemeka mpaka meno ianguke. Akavalishwa ile ya kumubana. Weee! Nilicheka tena, Mungu anisamehe, tumbo ilitokea mbele na shingo ikapotea. Ikabaki maske, ile kioo ya kufunika macho na pua. Straton akamuwekea usoni bila kamba, akamwambia avute hewa na pua. Kama maske ni yako, inakamata yenyewe. Yake ilianguka. Akavuta tena, ikaanguka. Shida ilikuwa sharubu. Ile sharubu nilioana nayo, jameni, batoto yangu babili hawajawahi kuona mudomo wa baba yao wazi. Akaketi pale kwenye kiti, akainyoa. Aliporudi nyumbani na ile uso ya mugeni, njo nilijua hafanyi muchezo, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwisho ilikuwa mukaba. Ile kombinezo inaelea, inakupandisha juu hata hautaki, kwa hiyo unavaa kiunoni mukaba yenye vipande vya plomb, ile madini nzito, ili ushuke. Kifungo yake ilikuwa plastiki nyeusi. Unaigusa tu, inaachia.

"Hii mukaba njo kitu ya kwanza ya kutupa," Straton akamufundisha. "Hewa ikikataa, mukono moja, vuta, plomb ianguke, wewe upande. Usiifikirie. Tupa."

"Ndiyo, ndiyo," Kasika akasema. Miye namujua. Ile "ndiyo" ya mara mbili anaitumiaka na bapolisi ya barabara.

Straton alipoenda, kifungo ile ya plastiki ikapasuka, ao yee mwenyewe aliipasua, sijui. Akaweka mahali pake kamba ya mupira, ile tunakata mu shambre, mupira ya ndani ya pine, kwa kufunga muzigo. Kwa mutu wa kamyo, kifungo yenye kufunguka haraka ni kifungo mbaya. Mu barabara ya Ngungu, muzigo ikifunguka umepata hasara, ao umeua mutu mwenye iko anakufuata nyuma. Fundo ya Kasika hata mashimo yote ya Masisi haiwezi kuifungua. Tukifika Goma tunaikata na kisu. Na miye, bibi wa kamyo, niliona ni akili. Nikafikiri: vizuri, haitamuponyoka.

Akajifunza. Kule Sake alikuwa anavaa mukaba ya Straton, yake ikabaki mu kamyo. Kila akienda Sake miye sikuuzisha vizuri, nilikuwa narudisha pesa mingi kwa batu, naweka chumvi kwa mwenye aliomba sukari. Akirudi na masikio yenye kuuma nilikuwa namufokea, na akilala nilikuwa nategea pumzi yake. Nilimuomba Bikira Maria amupe aibu, aache. Hakuacha.

Halafu asubuhi moja, muvuvi wa Mokoto anaitwa Jean-Bosco akafika na pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Jana yake pirogi ilikuwa imepinduka tena mu ziwa. Bengine bote balitoka. Alibaki mu mayi binti moja, Uwamariya, alikuwa anatoka sokoni. Mama yake, Dancille, iko kando ya mayi tangu jana, hajakaa chini.

"Tumesikia Papa Kasika anajua kuzama," Jean-Bosco akasema.

Kasika akapiga simu kwa Straton. Haipite. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa ile siku, hakuna gari inapanda, hakuna inashuka. Mu chupa ya hewa, ile ya kubeba mugongoni, kulikuwa kumebaki nusu.

"Straton alikuambia usizame peke yako hata siku moja," nikamuambia.

"Straton haiko."

"Basi tungoje!"

"Mama Benita. Mama wa mutoto amesimama."

Nilimutukana. Nilimuita majina siwezi kurudilia hapa. Kisha nikafunga duka nikapanda mu kamyo, juu kama ni kushika kamba ya kumuvuta bwana yangu mu mayi, sitakubali mukono ya mutu mwengine.

Ziwa ilikuwa imetulia, na ile utulivu iliniogopesha kuliko mawimbi. Dancille alikuwa kandokando, mama mwembamba, kitenge imefungwa kifuani. Alimuangalia Kasika anavaa. Miye na Jean-Bosco tukaingia mu pirogi moja na yee. Kamba tukamufunga chini ya mikono. Akivuta mara moja: niko muzima. Akivuta mara mingi: nitosheni mu mayi. Nilimufanyia alama ya musalaba kwenye maske. Akaingia kinyumanyuma, pwaa, na mayi ikajifunga juu yake.

Sasa sikia. Kuangalia mapovu si sawa kuangalia mutu. Mapovu ilikuwa inatembea, miye natembeza macho. Kamba ikavutwa mara moja. Nikapumua. Ikavutwa tena mara moja. Nikasema Salamu Maria, nikasahau katikati, nikaanza upya. Kisha mapovu ikasimama mahali pamoja, kwenye majani ya mafunjo. Ikakaa pale. Jean-Bosco akanionyesha kwa kidevu: "Amemupata."

Kamba ikaruka mukononi mwangu. Mara moja, mara mbili, mara sijui ngapi.

"Vuta!" nikapiga kelele. "Vuta, anakufa!"

Tukavuta. Weee, uzito! Sawa unavuta kamyo yenyewe. Pirogi ikainama, mayi ikaanza kuingia, Jean-Bosco akaweka miguu kwenye ubao na bado kamba haipande. Mapovu ikapungua. Mapovu ikakatika. Nilimuona Benita, mutoto yangu, mu macho, nilijiona miye napita na sahani nyumba kwa nyumba. Nikavuta mpaka ngozi ya mikono ikabaki kwenye kamba.

Na mara moja kamba ikawa nyepesi.

Nikajua imekatika. Nilianguka kinyumanyuma mu pirogi nikilia, "Mama eee, amebaki!" Lakini Jean-Bosco aliendelea kuvuta, na kichwa ikatokea, maske imejaa damu ya pua, kinywa wazi inatafuta hewa. Tukamukamata kwa shingo. Nilimupiga kofi, nikamubusu, nikamupiga tena. "Iko muzima! Aksanti Yesu! Iko muzima!" Nilicheka. Nilipiga vigelegele kama siku ya ndoa, na ziwa ilikuwa imetulia, sauti ikaenda mpaka kandokando.

Kasika alivua maske. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilimupata," akasema. "Alikuwa kati ya mizizi. Nilimushika mukono, akakubali, akatoka. Tukaanza kupanda. Hewa ikaanza kuwa ngumu. Nikatafuta mukaba nitupe." Akaigusa ile mupira kiunoni, fundo ilikuwa imejikaza mu baridi kama jiwe. "Ikakataa, Mama Benita. Uzito ya plomb, na yeye, na miye, kamba moja. Ikakuwa ni plomb ao ni yeye. Nikamuachia."

Akaanza kulia kwa sauti, ile mwanaume mukubwa.

Tukafika kandokando. Pale njo nilisikia vigelegele yangu, ile nilipiga mbele ya mama wa marehemu, na nikatamani udongo inimeze.  Dancille akaingia mu mayi mpaka magoti. Nilifikiri atamutukana, ao atanitukana miye, na nilikuwa tayari. Aliangalia tu mikono ya Kasika.

"Papa," akasema, "ni mukono gani ulimushika nayo?"

Kasika akanyoosha ile ya kuume. Ilikuwa nyeupe na mikunjo. Dancille akaipokea na mikono yake miwili, akaketi chini kandokando, mara ya kwanza tangu jana, akaiweka kwenye mapaja yake na kuifunika na kitenge, sawa unafunika mutoto mwenye amesinzia. Kasika akaketi naye. 

Miye nilikuwa nimesimama na kamba. Mu kinywa nilikuwa na neno moja tu, nilikuwa nayo tayari tangu kule mu pirogi: huyu mwanaume hatarudi mule tena hata siku moja, nimemaliza. Nilisogea niiseme. Dancille akainua uso, akaniangalia, na hakuniomba kitu. Alikuwa anasugua ile mukono polepole chini ya kitenge, anaipasha moto.

"Mama," nikamuambia, "Straton akifika na barabara ikifunguka, yee na bwana yangu batashuka babili kumutosha binti yako. Miye njo nitashika kamba."