Samaki wa Bati wa Teodora

Kama hukuwahi kula sato wa Teodora pale Busisi enzi za kivuko, pole yako, umeishi nusu. Magari yalipanga foleni kusubiri kuvuka, naye alikimbia na beseni kichwani, anauza dirisha hili, anarudisha chenji dirisha lile, mdomo haujapumzika. Wengine walikuwa wauzaji. Teodora alikuwa Teodora.

Kisha daraja likafunguliwa. Magari yakawa yanapita vuu, hata salamu hakuna, na barabara ya zamani iendayo kivukoni, lilipo banda lake, wakabaki nayo mbuzi. Mumewe Pius, mwenye kuogopa hasara kuliko mamba, akasema, "Mama Gladness, Jumamosi hii karai moja tu la samaki lisipoisha, tunafunga. Tunahamia kwa kaka Geita." Teodora alikubali kwa kichwa. Moyo uligoma.

Jumatano simu zikalia: serikali imewarudishia wafanyabiashara wadogo sehemu ya kodi yao, ili biashara ichangamke. Busisi nzima ikageuka wachumi. Okwach, muuza mitumba, aliapa hela hiyo haitachangamsha kitu, kisha akaenda kununua redio awasikilize wataalamu wakimuunga mkono. Pius alitaka yao ifichwe.

"Ikikaa kwenye godoro itamchangamsha nani, kunguni?" Teodora akauliza, na kabla mume hajapata jibu alishafika kwa Mihayo, fundi wa kuchomelea. Aliagiza samaki wa bati, mrefu kama mtumbwi, asimamishwe pale barabara ya zamani inapoachana na ile ya daraja, na ubavuni aandikwe "banda la kwanza kushoto."

Mihayo alikuwa hajashika kazi miezi miwili. Alichomelea kwa furaha mpaka akapitiliza.

"Shemeji, mbona jicho lina makengeza?"

"Linaangalia magari ya pande zote mbili, shemeji."

Ila yale maneno "banda la kwanza kushoto" aliyasahau kabisa.

Jumamosi asubuhi gari la kwanza likakata kona, likafuata pua ya samaki, likalipita banda, likateremka mpaka majini. Njia imekwisha. La pili likaja nyuma yake, la tatu, halafu basi dogo la harusi kutoka Kisesa. Pa kugeuzia ni mahali pamoja tu, na kila dereva anataka aanze yeye. Honi, vumbi, foleni.

Teodora aliitazama foleni ile kama mtu aliyemwona marehemu shangazi yake anakuja anacheka. Akajitwika beseni. Miguu ilikumbuka yenyewe.

"Mama, shikamoo. Huyo samaki yuko wapi?" akauliza bwana harusi.

"Marahaba. Umempita, mwanangu, ikabidi akukimbilie."

Saa nane karai lilikuwa tupu, na la pili liko motoni. Mihayo alirudi kununua sato wawili kwa hela ileile aliyolipwa. Okwach naye alikuja, redio kwapani, akisema kilicholeta watu ni samaki, si kodi.

"Na huyo samaki nilimnunua kwa nini, kwa sala?" Teodora alimjibu. "Wewe si ulirudishiwa pia? Hebu iambie redio yako ilete wateja."

Pius, aliyekuja na magunia ya kufungashia vyombo, alikuwa ameyakalia akikata vitunguu, machozi yanamtiririka.

"Mama Gladness, tumwambie Mihayo aongeze yale maneno aliyosahau?"

"Akimgusa samaki wangu, namkaanga yeye."